Dagaa Waliokaushwa Mara Mbili

Nyumbani kwetu Katonga hakuna aliyekaa kitako mvua ikinyesha mchana. Watu wengine mvua ikianza hukimbilia ndani. Sisi tulikimbilia nje. Mama alikuwa akianika dagaa pale ufukweni tangu kabla sijazaliwa, na tone la kwanza likigonga bati, hata kama ulikuwa na tonge mdomoni, ulitoka nalo mbio ukakusanye. Nilipokuwa shule ya msingi, darasa letu lilikuwa na dirisha linalotazama ziwa, na mwalimu alishazoea. Wingu zito likijitokeza upande wa Kongo, aliniangalia tu akasema, "Nenda." Nadhani ndiyo maana hesabu za sehemu zinanipiga chenga mpaka leo.

Mama aliyatukana mawingu kwa Kiha. Alisema Kiswahili kina adabu mno kwa kazi hiyo. Alisimama katikati ya vichanja, kanga kiunoni, kidole juu, akaanza na wingu lenyewe, kisha mama wa wingu, kisha ukoo mzima. Jua nalo hakuliamini. Aliliita kibarua mvivu, anayekuja kazini akijisikia.

Lakini chini ya makelele yote hayo kulikuwa na jambo lililomuuma kweli. Dagaa wa Kigoma wana jina nchi nzima, na mama alilichukulia jina hilo kama lake mwenyewe, kana kwamba alipewa siku ya kuzaliwa. Sasa dagaa akipigwa na mvua mara mbili tatu anageuka manjano, tumbo linapasuka, harufu inabadilika. Binadamu hamtaki tena. Hapo ndipo anapokuja mtu wa chakula cha kuku.

Alikuwa na toyo, ile pikipiki ya miguu mitatu, na alikuja matone yangali yanadondoka kwenye mapaa. "Shikamoo mama, kuna mzigo?" Alikuwa mtu mpole, mwenye heshima zake, na hilo mama hakuweza kumsamehe. Angekuwa na kiburi angalau wangegombana. Mama aliitikia "marahaba" kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, akampimia dagaa wake, akaingia ndani asiseme na mtu mpaka ugali wa usiku. "Nimelisha watu," alikuwa anasema. "Nimelisha Tabora, nimelisha Dar es Salaam. Sitaki nife nikilisha kuku." Tulicheka, lakini hatukucheka mbele yake. Alikuwa anazeeka, magoti yanamlia akikimbia, na kila msimu wa mvua kuku walikuwa wanapata zaidi.

Mimi nilikua nikawa fundi cherehani. Nina kibanda changu sokoni Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, na kupitia cherehani hiyo ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya sayansi. Miaka michache iliyopita kijana mmoja mrefu, mtafiti wa chuo kikuu, alikuja kufanya mkutano pale mwaloni, mitumbwi inakoshushia dagaa. Akasema serikali imetenga fedha za utafiti wa nishati ya jua, na sehemu ya fedha hizo imekuja Katonga: litajengwa kaushio la majaribio, dagaa wakauke hata wakati wa mvua. Kila sentensi ya tatu alisema hizi ni fedha za umma.

Mama akanyoosha mkono. "Huyo umma ni nani?"

"Ni sisi sote, mama. Ni wewe."

"Mimi?" Mama akageuka kutazama wenzake. "Ningekuwa mimi ningeulizwa kwanza. Ningesema ninunuliwe turubai."

Watu wakaangua kicheko. Kijana wa watu naye akacheka, kisha akaandika. Aliandika kila kitu kilichosemwa pale, na nahisi hata kicheko alikiandika.

Kaushio lenyewe lilikuwa hema kubwa la plastiki angavu lililovikwa juu ya mabomba ya chuma. Ndani mlikuwa na rafu za wavu, na juu kule feni zinazoendeshwa na paneli ya sola. Lilihitaji mapazia ya chandarua kuzuia inzi, basi mtafiti akaulizia fundi, akaelekezwa kwangu. Nilishona mapazia yale kwa moyo wote, pindo mara mbili, na tangu siku hiyo wateja wangu wanajua kwamba nimewahi kufanya kazi ya utafiti. Huwa nawaambia. Wao huniuliza kama kifungo chao kiko tayari.

Kosa la kwanza lilikuwa kwamba hema lilimalizika kiangazi. Kiangazi jua liko nje la bure, nani aingize dagaa kwenye plastiki? Mama alitangaza kwamba dagaa lazima aone upepo, asipoona upepo anakuwa mpumbavu. Wenzake wakamsikiliza. Hema likabaki tupu wiki mbili, halafu, kwa kuwa kitu kikavu chenye feni hakiwezi kukaa tupu katikati ya watu wenye akili, likaanza kupata kazi. Kwanza ziliingia sare za shule. Halafu muhogo. Halafu godoro la mtoto wa nyumba ya tatu, ambaye sitamwaibisha zaidi ya hapo.

Ndani ya hema kulikuwa na kifaa cha kupima joto na unyevu, nacho kilituma taarifa moja kwa moja hadi kwenye simu ya mtafiti huko chuoni. Siku moja akanipigia, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Dada yangu, kuna jambo la ajabu sana. Kila Jumamosi asubuhi unyevu unapanda ghafla, kisha unashuka wenyewe. Hatuna maelezo. Inawezekana ni pepo za ziwa."

Nikamwambia nitachunguza. Jumamosi nikaenda, nikakuta mablanketi ya jirani yetu yametandazwa rafu zote, na mwenyewe anageuza upande wa pili. Huyu jirani ni mama wa familia iliyotoka Burundi zamani, mjane, mshirika wa mama kwenye biashara na kwenye ugomvi. Nilipomweleza kwamba anavuruga sayansi alishika kiuno, akamwita mama yake kwa Kirundi. "Mawe we! Si walisema ni ya kukausha?" Nikampigia mtafiti, nikamwambia pepo za ziwa zimekubali kuacha.

Novemba mvua zikaanza, na mzaha ukaisha. Mama alirudi kwenye mbio zake, turubai huku, matusi kule. Jirani, ambaye alishalielewa lile hema kwa njia ya mablanketi, aliingiza dagaa wake humo bila kumuuliza mtu. Siku ya pili, mvua ingali inanyesha, akatoka na ndoo. Mama aliitazama ile ndoo. Akachukua dagaa mmoja, akamvunja: akakatika kwa mlio, kavu kabisa, mweupe mwenye kung'aa. Kesho yake kabla ya jua alikuwa wa kwanza hemani, ameshika rafu ya katikati, na mtu mwingine alipotaka kuisogelea aliambiwa hiyo ni rafu yake tangu zamani.

Desemba ikaja ile mvua iliyobomoa ngazi za soko. Mwenye toyo alizunguka kutwa, akajaza, akarudi tena. Kwetu alipita akiuliza "kuna mzigo?" na mama akamjibu "hakuna" kwa utamu ambao sijawahi kuusikia kinywani mwake. Alikuwa na gunia zima la dagaa safi, na hakutaka kuliuza. Alilikalisha sebuleni, kwenye kiti cha wageni. Ukija kumsalimia unakuta kiti kimeshikwa, unakaa kwenye ndoo.

Sasa ndipo mtafiti akapiga simu na habari ya wageni. Fedha za utafiti, alieleza, hutolewa kwa awamu. Awamu yetu ya kwanza ilikuwa inaisha, na wakubwa kutoka Dodoma walikuwa wanakuja Februari kujionea. Wakiridhika, awamu ya pili itatoka, naye atatafuta namna ya kulitengeneza hema kwa vifaa vya bei nafuu ili na mialo mingine ipate. Wasiporidhika, hema litang'olewa na kurudishwa stoo kabla ya mvua kubwa za Machi.

Mama alisikiliza simu ikiwa kwenye spika. Ilipokatika alikwenda kwenye kiti cha wageni akaliweka vizuri lile gunia, ingawa halikuwa limepinda.

Siku iliyopangwa kwanza ilikuwa nzuri, ilikuwa ndani ya giza, zile siku zisizo na mwezi. Hapa kwetu dagaa huvuliwa kwa taa; mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawazifuati taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inalala na wavuvi wanashona nyavu, wanaoa, wanagombana na wake waliowaoa mbalamwezi iliyopita. Kila mtu Kigoma anajua. Lakini ratiba za wakubwa zikasogezwa mbele, "wiki mbili tu", na wiki mbili tu zikatutua katikati ya mbalamwezi, ambapo Katonga nzima huwezi kupata dagaa mbichi wa kumpa paka.

"Tuwaambie wasije," nikasema.

Mama alinitazama kama vile nimevua nguo sokoni. "Mgeni haambiwi asije."

Mtafiti kwenye simu alisema tusijali, atawaeleza ukweli na kuwaonyesha takwimu. Mama akaninyang'anya simu. "Mwanangu, watu watoke Dodoma waje kutazama hema tupu na namba? Namba wanazo huko huko." Akakata.

Inabidi nieleze tulivyolelewa. Kwetu mgeni lazima akute kitu kiko jikoni. Kama huna unga, huna mboga, huna chochote, unawasha moto na kubandika maji, ili mgeni asikie sufuria ikichemka na moyo wake utulie wakati mtoto katumwa kukopa kwa jirani. Nimeona maji matupu yakichemka saa nzima kwa heshima. Kwa hiyo jioni ya kuamkia ujio, nilipomkuta mama ameliteremsha gunia kutoka kwenye kiti, amemimina dagaa wakavu kwenye mabeseni mawili na anawamwagia maji ya ziwa, nikauliza kwa kelele anafanya nini, na yeye akajibu kwa utulivu, "Nabandika maji."

Dagaa mkavu ukimloweka hawi mbichi. Anakuwa mkavu aliyelowa, macho yamezama, ngozi imekunjamana. Jirani aliinamia beseni, akasema hawa wanaonekana wamefiwa. Ni yeye aliyetoa wazo la mafuta: tone moja la mafuta ya kula kwenye kiganja, unawapitisha, wanang'aa kama wametoka ziwani sasa hivi. Nilisema kwamba tunaharibu. Nikaambiwa nishughulike na mapazia yangu.

Saa mbili asubuhi dagaa walikuwa wamepangwa kwenye rafu, wanang'aa. Wageni walitarajiwa saa tatu. Lakini mgeni wa serikali haji moja kwa moja. Lazima apite ofisi ya mkoa kusaini kitabu, na kuna chai, kisha wilayani kusaini kitabu, chai, kisha manispaa. Mtafiti alikuwa nao kote huko, akinywa chai zote, hajui lolote. Huku kwetu jua la Februari lilikuwa limeamua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kufanya kazi bila kupumzika. Kufikia saa saba dagaa walikuwa wameanza kujikaanga. Harufu ilitoka hemani, ikapita mwaloni, ikawafikia kuku.

Sijui kuku waliambianaje. Walikuja wa Katonga, nadhani na wa mitaa ya jirani pia. Walisimama nje ya hema wakitazama ndani, kisha wakaanza kudonoa pazia langu, lile la pindo mara mbili. Nilisimama mlangoni na ufagio kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Jogoo mmoja mwekundu alinizunguka akaingia, na tulimtoa magari yakiwa yanapaki.

Mkurugenzi, mkubwa wa msafara, alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwendo wa polepole, nyuma yake wanaume wawili wenye suti na mtafiti wetu. Mama akawapokea kwa salamu yetu kamili, magoti yamekunjwa, viganja vinagongana, "Mwakeye, mwakeye," akaulizia safari, nyumbani, watoto, mifugo. Mkurugenzi aligonga viganja vyake akijitahidi kufuata. Kisha wakaingia hemani, na nikamwona mtafiti anaziona rafu zimejaa. Alijua mbalamwezi. Alijua hakuna mtumbwi uliotoka. Alifungua mdomo, akanitazama. Mimi nilikuwa nachunguza paa.

Mkurugenzi alichukua dagaa mmoja. Akamtazama, kisha akatazama vidole vyake vilivyobaki na mafuta. "Wanang'aa sana," akasema.

"Ndivyo walivyo wa kwetu," jirani akajibu haraka.

"Jana usiku nilikaa nje pale hotelini," mkurugenzi akaendelea, taratibu, "nikaona mwezi mkubwa mzuri juu ya ziwa. Nikangoja nione taa za wavuvi, maana nimesimuliwa kwamba zinapendeza. Sikuona hata moja." Akamgeukia mama. "Hawa wamevuliwa lini?"

Feni zinazunguka. Nje kuku wanangoja. Niliona uso wa mama, na nikajua anachokiona yeye: Machi, turubai, toyo mlangoni. Nilitamani niseme chochote, hata uongo wa kijinga. Mtafiti akaanza, "Mheshimiwa, naomba nieleze..." na mama akamkatiza kwa mkono.

"Hawa wamekaushwa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza ilikuwa Desemba, kwenye mvua, humu humu. Mara ya pili ni kwa heshima yenu."

Mwenye suti mmoja akakohoa. Mkurugenzi akauliza wengine wa Desemba wako wapi. Mama akatoka, akarudi ameburuta gunia, hataki kusaidiwa, akamimina kiasi kwenye mkeka. Mkurugenzi akachuchumaa kwa shida, akavunja mmoja. Ule mlio. Akamtia mdomoni, akatafuna, akachukua mwingine. Wenye suti nao wakainama. Kwa muda fulani ndani ya hema la serikali haikusikika sauti ila ya fedha za umma zikitafunwa.

"Sasa mama," mkurugenzi akasema huku akijifuta vidole, "kwa nini hamkutuonyesha hawa tangu mwanzo?"

Mama alimshangaa kwa dhati. "Hao si wameshakauka? Ninyi mlikuja kuona kukausha."

Mkurugenzi alicheka mpaka akashika bomba la hema. Waliondoka na fungu la dagaa kila mmoja, wamefungiwa kwenye gazeti, na wale wa mara mbili mama aliwamwagia kuku mwenyewe, bila kupokea hata asante. Tukajua tumeshinda.

Hatukushinda. Mwishoni mwa mwezi mtafiti alipiga simu, sauti chini. Mkurugenzi ameandika vizuri, alisema, kila mtu amependa, lakini kwa mwaka huu wa fedha awamu ya pili haimo. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Ni kama kusonga ugali, unga umeshashika, halafu anakuja mtu anachomoa mwiko na kukwambia endelea mwakani. Akina mama wa Kagunga walikuwa wameshakuja kwa boti kuliona hema, wakaulizia la kwao. La kwao lilikuwa ndani ya awamu hiyo ya pili. Wao mvua bado inawakimbiza.

"Na hili letu?" mama akauliza kwenye spika. "Mnakuja lini kulibomoa?"

Mtafiti akasita. "Hapo kuna tatizo, mama. Fedha ya kuling'oa na kulisafirisha nayo ilikuwa kwenye awamu ya pili."

Mama alifikiri. "Kwa hiyo hamna hela ya kulichukua."

"Hatuna, mama."

"Poleni sana," mama akasema, na nilivyomjua, ilimbidi augeuzie ukuta uso wake. "Mungu awajalie muendelee hivyo hivyo."

Hema liko pale pale. Feni moja imekufa, plastiki nimeiziba kwa mikono yangu, na mtafiti hunipigia bila kulipwa na mtu kuniuliza unyevu ukoje.

Katikati ya Machi nilikuwa kwa mama mchana, tunakula. Tone likagonga bati, na mwili wangu ukainuka wenyewe, tonge mdomoni, nikafika mlangoni. Mvua ikamwagika kama imetumwa. Nikageuka nimwite. Mama alikuwa kwenye kiti cha wageni, miguu imenyooshwa, kanga hadi kidevuni, mdomo wazi kidogo. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona amelala mvua ikinyesha mchana. Nilisimama nikimtazama, nikikumbuka kwamba dagaa wako hemani, mpaka niliposikia toyo inasimama nje na hodi ya kistaarabu.

"Shikamoo dada. Mama yupo? Kuna mzigo?"

"Yupo," nikanong'ona. "Amelala."

Alitazama mvua, akanitazama mimi, akavua kofia yake iliyolowa akaishika kifuani.

"Amelala?" akauliza. "Tangu lini?"

Nikamwambia si hivyo, ni usingizi tu, na asipige kelele.